Bei ya Ukingo

Watafiti walipofika bustanini walimkuta Zipora ameinama kwenye tuta la nyanya, na hakuinuka upesi. Alikuwa amewaona tangu wanashuka kwenye gari kule juu barabarani, wakichagua pa kukanyaga kama watu wanaokatiza zizini, naye alishaamua kwamba mtu anayekuja mtoni na viatu vyeupe hawezi kuwa na jambo la haraka.

Walikuwa wawili, pamoja na Joshua, mwenyekiti wa kitongoji, aliyevaa koti kwa heshima yao. Dada aliyewaongoza aliitwa Erica. Kijana aliyeshika kishikwambi aliitwa Jordan. Huyo alitoa shikamoo ya kueleweka na akaitikiwa vizuri. Walitoka chuo kikuu, kule Chimwaga, Dodoma. Walikuwa wakizunguka bonde zima la mto, kuanzia vilima vya Mpwapwa kushuka chini, wakitaka kujua mto unawanufaisha vipi watu, na manufaa hayo yakigeuzwa kuwa fedha yanafika kiasi gani.

"Mto huu huu?" Zipora aliuliza.

Mbele yao palikuwa na mchanga mtupu. Ulikuwa mwezi wa nane, na mto ulikuwa umekauka kama desturi yake, maji yamelala chini ya mchanga yakisubiri mwenye nguvu za kuchimba.

"Ndiyo, mama, huu huu," Erica alisema.

Basi Zipora akawaeleza. Aliwaonyesha kisima alichochimba mchangani, chenye maji matamu kuliko ya bomba la kijiji. Aliwaonyesha matete ya ukingoni, aliyokuwa akiyakata kwa zamu ili yasiishe, na mikuyu miwili iliyosimama penye kona ya mto, mizizi yake imeukumbatia udongo. Akawaambia kwamba uwele wa kule juu ulikuwa ukigoma miaka mingi kuliko ulivyokubali, na ukigoma, waliokula kwake walikula nyanya, viazi na mchicha wa ukingo huu, na kilichobaki kilipakiwa kwenye bodaboda kikaenda kuuzwa Mpwapwa mjini. Jordan aliandika yote kwa kidole. Zipora akajikuta anaongea kwa raha. Kusikilizwa si jambo lililokuwa likimtokea mara kwa mara.

Kisha Erica akasema, "Sasa kuna swali moja la mkuu wa kaya. Baba yupo?"

"Linahusu nini?"

"Ardhi. Maamuzi ya ardhi."

"Anayelima hapa ni mimi."

Joshua akakohoa. "Shamba ni la marehemu baba yake Sostenes. Sostenes apigiwe simu."

Sostenes, mumewe, alipatikana pale alipopatikana siku zote, kwenye benchi la banda la kuchajia simu, ambako yeye na wenzake waliendesha nchi kwa maneno tangu asubuhi hadi jua linapopoa. Alikuja haraka, shati limechomekewa. Lakini alikuwa na miaka hajashuka bustanini, kwa kuwa matope aliyahesabu kuwa kazi ya wanawake, hivyo akashika njia ya zamani, ile ambayo Zipora alishaiziba kwa miiba kuzuia mbuzi. Wageni wakamtazama akihangaika na miiba hadi akakubali kurudi na kuzunguka. Zipora aliinama akang'oa gugu ambalo lilikuwa mbali kidogo na mkono wake.

"Baba," Erica alianza, "tuseme unaambiwa uache kulima eneo hili la karibu na mto, uache miti na majani yaote, yalinde maji ya watu wote wa bonde. Ungekubali kulipwa shilingi ngapi kwa mwaka?"

Alikuwa amesema kwamba ni swali la mfano. Alilisema hilo mwanzoni, upesi, kama katekista anavyosoma matangazo ya ndoa watu wameshaanza kunyanyuka kwenye viti. Sostenes hakulisikia. Alichosikia ni kulipwa. Zipora aliuona uso wa mumewe ukijipanga upya, kidevu kikipanda, macho yakisinzia kidogo, ndivyo alivyodhani matajiri hutazama.

"Milioni thelathini," Sostenes alisema.

Kidole cha Jordan kikasimama hewani. "Kwa mwaka, baba?"

"Kila mwaka."

"Na zikipungua kidogo?"

"Zisipungue."

Jordan akamtazama Erica, Erica akamwashiria aandike. Wakamshukuru Sostenes, wakampa mche wa sabuni kwa muda wake. Sabuni ile haikufika nyumbani.

* * *

Habari ilimfikia Obedi huko Dodoma mjini kabla wiki haijaisha. Obedi alikuwa mdogo wake Sostenes, dalali wa viwanja, mtu mwenye viatu vyenye ncha na simu mbili ambazo zote zilikuwa na ufa. Tangu mji ulipoanza kutanuka na kumeza mashamba ya watu, alikuwa akiishi kwa kuwaonyesha wageni ardhi isiyo yake. Nyumbani alionekana kwenye misiba, tena ile yenye ng'ombe. Safari hii alikuja bila msiba, ameshika mkate.

"Shemeji, hujambo? Umekonda," alimwambia Zipora, akamkabidhi mkate kama anayekabidhi hati ya nyumba.

"Karibu, shemeji. Kuna nini?"

"Kwani lazima kuwe na kitu? Nimekuja kwetu."

Alipokwisha kula akakieleza. Shamba la mtoni lilikuwa la baba yao, si la mmoja. Serikali, au wazungu, au chuo, hilo hakulijali, wangelipa watu wa kingo za mto waache kulima, naye kwenye kazi yake alishaona malipo ya namna hiyo yanavyokwenda. Wakija kuthamini, hutazama ardhi ilivyo siku ile.

"Wakikuta msitu," alisema, "watakulipa uache nini? Umeshaacha. Wanamlipa anayelima. Kwa hiyo lazima palimwe pote, mpaka kwenye mdomo wa mto. Matete yale yatoke. Ile mikuyu itoke. Paonekane shamba."

Sostenes alitikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye wazo hilo lilikuwa lake na ameamua kumwachia mwenzake alitamke.

"Mkitoa matete, mto utaingia ndani," Zipora alisema.

"Shemeji, hizi ni hesabu."

"Mvua nayo haijui hesabu zako."

"Zipora," mumewe alisema bila kumgeukia, "wewe shughulika na mchicha."

Wakaanza kugombania nusu. Wanaume wawili ambao hawajawahi kupalilia tuta moja pale walishinda siku nzima wakipima na kuvutana kwa kamba ya katani, huyu akitaka upande wa kisima, yule akitaka upande wa kona kwa kuwa ulikuwa mpana. Waliitana mwizi. Walikumbushana ng'ombe wa mahari aliyekufa kabla hata Ruthu, bintiye Zipora, hajazaliwa, na Ruthu sasa ana watoto wake huko Makutupora. Joshua aliletwa kusuluhisha, akasuluhisha kwa kula kuku wa Zipora, kisha akaamua kwamba kona ni ya Obedi na kisima ni cha Sostenes. Hakuna aliyeuliza bustani ni ya nani.

Zipora angeweza kupiga kelele. Angeweza kwenda kwa mchungaji, au kulala mbele ya kisima hadi watu wajae. Hakufanya. Siku ile wanavutana kamba, alikuwa amesimama na ndoo kichwani, akajikuta anaona paa la bati mahali pa paa la udongo la tembe lake, bati jipya, mvua ikigonga juu na yeye yuko chini, mkavu. Aliliona hadi misumari yake. Alipogundua anachokifanya aliona haya, akachota maji akaondoka. Lakini alikuwa ameshanyamaza, na waliokuwa wakimsikiliza walihesabu kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

* * *

Mikuyu waliiuza kwa wachoma mkaa. Matete waliyatia moto. Yalipomalizika kuungua, ukingo ulibaki umekaa kama mdomo wa mzee uliong'olewa meno yote. Obedi akaleta trekta la kukodi kutoka Kongwa, na watu wa kitongoji wakaja kutazama, kwa kuwa trekta lilikuwa halijawahi kushuka mtoni.

Dereva alifika kwenye matuta ya nyanya akasimamisha mashine.

"Mzee, hizi mbona zinaanza kuiva?"

"Endelea," Sostenes alisema. Watu walikuwa wanatazama, akapandisha sauti. "Mtu anayesubiri mamilioni hasimamishwi na nyanya za fungu mia tano."

Baadhi ya watu wakacheka. Obedi alicheka zaidi.

Zipora akaingia mbele ya trekta na kanga yake. Hakwenda kulizuia. Alikwenda kuchuma. Alichuma zilizoiva na zilizokaribia kuiva, akipiga magoti, akizitupia kwenye kanga, na trekta likimfuata nyuma kwa mwendo wa dereva aliyeona aibu.

"Toka hapo, unatutia aibu mbele ya watu," mumewe alimwambia.

Zipora aliendelea kuchuma. Ng'ambo ya mto alikuwa akilima mwanamke aitwaye Batuli, Mrangi, mjane aliyehamia na marehemu mumewe kutoka Kondoa miaka mingi nyuma. Alikuwa ameacha jembe lake akavuka mchanga na ndoo. Alipiga magoti kando ya Zipora akaanza kuchuma, hakusema pole wala hakuuliza. Ndoo ilipojaa ndipo alipofungua mdomo.

"Wanaume wako hawa wanajua maji yanatoka wapi?"

"Wanajua pesa zinatoka wapi," Zipora alisema.

"Wapi?"

"Kwenye kishikwambi."

Batuli alimtazama Obedi, aliyekuwa akijipiga picha mbele ya trekta, akatema mate kwenye udongo uliolimwa.

* * *

Mvua ya kwanza kubwa haikunyesha kwao. Ilinyesha vilimani, wao wakaona mawingu tu na kusikia ngurumo za mbali, na Sostenes akalalamika kwamba uwele unaungua. Maji yalifika mchana, yamebeba magogo na mbuzi wa mtu. Penye kona, pale iliposimama mikuyu, mto haukupinda kama ulivyozoea. Ulikwenda moja kwa moja. Udongo laini uliochimbuliwa na trekta ulimeguka vipande vikubwa kama ugali unaomegwa na mtu mwenye njaa, na watu waliosimama juu walisikia kila kipande kinavyoanguka.

Maji yalipopungua, sehemu ya Obedi ilikuwa imekwenda yote. Ya Sostenes ilibaki kama ukanda wa pindo la kanga, umefunikwa mchanga, na kisima hakikujulikana kilikuwa wapi. Ng'ambo, matete ya Batuli yalikuwa yamelala chini, yamejaa takataka, lakini yalikuwepo, na nyuma yake shamba lake lilikuwepo.

Sostenes alimpigia mdogo wake simu, sauti ikiwa wazi ili jamaa wa benchini wasikie kwamba lipo jambo linashughulikiwa.

"Piga picha," Obedi alisema. "Piga nyingi. Tutadai fidia."

"Tumdai nani?"

"Wewe piga kwanza."

Akapiga. Alipiga picha za mchanga.

* * *

Watafiti walirudi mvua zilipokuwa zinaisha, kuleta mrejesho. Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Sostenes na Obedi walikaa mbele kabisa. Obedi alikuwa amekuja na faili. Zipora alikaa nyuma, kando ya Batuli.

Erica aliwasha mashine, ukuta ukajaa ramani yenye rangi. Aliongea vizuri. Alisema mto unawapa watu vitu ambavyo hawavilipii ndiyo maana hawavioni, kama kusafisha maji na kushika udongo, na kwamba vitu hivyo vikipigiwa hesabu vina thamani kubwa, na kila uoto unapogeuzwa shamba thamani hiyo inashuka. Kijani ni uoto. Nyekundu ni ardhi iliyobadilishwa matumizi hivi karibuni. Kisha akaweka kalamu yake ya mwanga kwenye kidoa kimoja chekundu.

"Kwa mfano hapa, kwenye hii kona. Tulipoanza utafiti palikuwa na uoto mzuri sana. Miezi michache tu, pakawa wazi, na ukingo ukaondoka. Hapa ni mfano mzuri kweli kweli. Tumeuweka kwenye ripoti."

Darasa zima likageuza shingo kuwatazama ndugu wawili.

Sostenes alisimama. Dawati lilisimama naye kidogo kabla halijamwachia. "Mimi ndiye mwenye hiyo kona," alisema. "Niliulizwa bei nikataja. Nataka kujua malipo yanaanza lini."

Erica hakuelewa mara moja. Jordan akamnong'oneza, na Zipora kutoka nyuma akauona uso wa yule dada ukielewa polepole, kisha ukitamani kuwa umebaki bila kuelewa.

"Baba, samahani. Hakuna malipo. Lilikuwa swali la kufikirika. Tulitaka kupima watu wanauthamini mto kiasi gani."

"Mimi niliuthamini milioni thelathini."

"Ndiyo, baba. Lakini majibu yaliyozidi sana..." Alitafuta njia ya kulisema kwa upole, akaikosa. "Yaliyozidi sana tuliyaondoa. Yanaharibu wastani."

Kisha mtu mmoja pembeni alirudia kwa sauti ya chini, "Yanaharibu wastani," na darasa likapasuka. Joshua mwenyekiti, mla kuku wa usuluhishi, alicheka hadi akafuta machozi na mkono wa koti. Obedi alikuwa ameshafunga faili lake na kulisogeza chini ya dawati kwa mguu, kama la mtu mwingine.

Watafiti waligawa maji ya chupa na kalenda zenye picha ya bonde, wakaondoka kabla barabara haijaharibika. Nje, chini ya ukuta wa choo cha shule, ndugu wawili walimsubiri Zipora.

"Wewe ndiye uliyeongea nao wa kwanza," Obedi alisema. "Uliwaonyesha matete, uliwaonyesha miti. Ukawajaza maneno wakaona sisi tuna kila kitu."

Zipora alimtazama shemeji yake tangu kwenye ncha za viatu hadi usoni, akakuta hakuna mahali pa kutulia macho.

"Basi la Dodoma linapita saa ngapi, shemeji?" alimuuliza.

Obedi akaondoka akitukana. Sostenes akabaki. Alikuwa ameshika kalenda, ameikunja kama fimbo.

"Sasa kiangazi hiki utalima wapi?" alimuuliza mkewe. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi, na hilo ndilo lililomchoma Zipora kuliko trekta.

* * *

Alilima kwa Batuli. Ulikuwa ukanda wa nyuma ya matete, uliokuwa umepumzishwa. Batuli alimpa bila kodi msimu wa kwanza, kwa sharti moja.

"Nimekupa wewe," alisema. "Sijampa mumeo, sijampa shemeji yako, sijampa marehemu baba mkwe wako. Siku nikiona mtu na kamba hapa, wote mtavuka."

"Hutaona kamba."

Zipora alijenga kibanda cha miti na udongo pale pale, kwanza cha kuwinga ndege, kisha akaleta sufuria, kisha kitanda. Hakuna siku aliyotangaza kwamba amehama. Alipunguza tu kuvuka. Mwanzoni alipeleka chakula nyumbani kila siku, baadaye siku moja moja, baadaye akaacha, na kitongoji kikaanza kusema kwamba Sostenes anaonekana kwa Joshua saa za kula. Joshua naye, ilisemekana, alikuwa ameanza kula ndani na mlango umefungwa.

Mwezi wa saba Sostenes alivuka. Ilikuwa mchana, mchanga unawaka. Alikuja na jembe begani, ambalo mpini wake ulikuwa mpya, na maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima: kwamba mwanamke haachi nyumba, kwamba mahari ilitolewa, kwamba hata yeye aliumia. Alisimama mbele ya kibanda akamwona mkewe akifunga nyanya kwenye tenga.

"Hodi," alisema, na neno likamshangaza mwenyewe.

"Karibu," Zipora alisema. "Karibu sana."

Alipangusa kigoda kwa kanga akakisogeza kivulini. Akamnawisha mikono, akishika birika kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kidogo. Akamletea ugali wa mtama na mlenda, na samaki mkavu aliyekuwa ameletewa na Batuli, vyote vimefunikwa, akasogea pembeni asimtazame mtu anapokula. Sostenes alikula akisubiri ugomvi. Majibu yake yote yalikuwa tayari. Hakuna aliyeuliza swali lake hata moja.

"Za huko kwenu?" Zipora alisema alipomaliza.

"Kwetu wapi?"

"Huko. Wanaendeleaje? Wazima?"

Sostenes aliweka mkono juu ya jembe. "Zipora. Nimekuja nyumbani."

"Tumefurahi. Ungetuarifu mapema tungeandaa vizuri."

"Nimekuja na jembe."

"Nimeliona. Zuri. Mpini wa mkole huo?"

Alikuwa na upole ambao Sostenes hakuwa amewahi kuuona kwake katika miaka yote ya ndoa. Angejua la kufanya na tusi. Angejua la kufanya na kilio. Batuli alipita na ndoo, akamwambia, "Karibu, baba," kwa adabu ileile, akaenda zake.

Jua lilipoanza kupoa, Zipora alimfungashia nyanya kwenye mfuko, nzuri nzuri, kama anavyofungashiwa mgeni asirudi mikono mitupu. Akambebea mfuko mwenyewe, akamsindikiza. Walishuka ukingo kupitia kwenye upenyo wa matete, wakatembea mchangani hadi katikati ya mto, na hapo akasimama, mahali ambapo mwenyeji husimama.

Akamkabidhi mfuko.

"Wasalimie," alisema.

Sostenes alibaki amesimama pale na jembe na nyanya, akimtazama mkewe anavyorudi. Aliita mara moja jina lake. Zipora aligeuka, akampungia mkono kwa heshima, kisha akaingia kwenye matete.